Jumuiya Kabla ya Mrajis: Uchoraji Ramani wa Kujitolea Unguja na Swali la Kuwa Shirika

Katika Kiswahili cha sheria za Zanzibar, neno jumuiya hubeba maana mbili kwa wakati mmoja. Ni watu waliofungamana kwa ujirani, kazi au imani. Na pia ni chombo kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya mwaka 1995, chenye katiba, viongozi na cheti cha Mrajis. Mtu anaweza kusema kwa ukweli kwamba jumuiya fulani ipo tangu zamani, na ofisa wa Mrajis akamjibu kwa ukweli uleule kwamba jumuiya hiyo haipo. Insha hii inachunguza nafasi iliyo baina ya maana hizo mbili kwa kuangalia wachoraji ramani wa kujitolea, hasa katika kazi iliyofanyika Unguja kuanzia mwaka 2016. Kundi la namna hiyo linapotaka kuwa shirika, swali linalozungumzwa kwanza ni la uongozi: nani awe mwenyekiti, nani atie saini hundi. Hoja ya insha hii ni kwamba swali zito zaidi ni la umiliki, yaani ramani iliyochorwa na mikono mingi inakuwa ya nani pindi mikono hiyo inapopewa jina la kisheria. Zanzibar ina historia yake ya kulijibu swali la aina hiyo, na historia hiyo haijatumiwa vya kutosha.

Ni lazima kuanza na ukweli kwamba ramani visiwani ilikuwa mali ya dola muda mrefu kabla ya kuwa kazi ya raia. Ramani ya Mji wa Zanzibar iliyochorwa mwaka 1892 na mpimaji kutoka India, Imam Sharif, na mpango wa mji ulioandikwa na H. V. Lanchester mwaka 1923, zilifanywa kwa jicho la mtawala. Mkaazi alikuwa mtu wa kuhesabiwa. Baada ya Mapinduzi uzito wa mstari kwenye karatasi uliongezeka. Dikrii ya mwaka 1965 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali kuanzia tarehe 8 Machi 1964, ukafuata ugawaji wa eka tatu tatu kwa wakulima, na hadi leo, chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, anachopewa mtu ni haki ya kuitumia ardhi. Kwa upande wa Mji Mkongwe, mamlaka maalumu ya uhifadhi ilianzishwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ukatolewa mwaka 1994, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kila hatua kati ya hizo ilikuja na upimaji wake. Si ajabu basi kwamba anayezunguka mtaani na kifaa cha kupimia huulizwa kwanza ametumwa na nani. Swali hilo ni la haki, na jibu la kwamba hakutumwa na mtu, amejitolea tu, halimtulizi muulizaji.

Neno lenyewe la kujitolea halikuingia katika uchoraji ramani likiwa safi. Majengo marefu ya Michenzani, yaliyokata Ng'ambo kwa njia zake mbili pana, yalijengwa katika miaka iliyofuata Mapinduzi kwa sehemu kwa nguvu za wananchi walioitwa kujitolea, na mwito huo haukuwa wa hiari kwa kila aliyeitika. Mtafiti anayetafsiri dhana ya kigeni ya uchangiaji huru kwa neno hili hana budi kukumbuka kwamba kwa wazee wa Ng'ambo neno hilo lina jasho la zege ndani yake.

Uchoraji ramani wa raia, kwa sura tunayoizungumzia, ulianzia mbali. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ikiwa ni ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Taasisi ya kuisimamia ilisajiliwa mwaka 2006, miaka miwili baadaye, na mpangilio huo una maana kwetu: kazi ilitangulia, cheti kikafuata. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, wachoraji waliokuwa wameisaidia nchi hiyo wakiwa mbali waliunda Humanitarian OpenStreetMap Team na kuisajili Marekani mwaka huohuo. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaanza. Mwezi Novemba 2009 Erica Hagen na Mikel Maron walianza kuwafundisha vijana wa Kibera, Nairobi, kuchora mtaa wao ambao katika ramani nyingi ulionekana kama eneo tupu, na kazi hiyo ikazaa amana iitwayo Map Kibera Trust. Mwaka 2011 zamu ilikuwa ya Tandale, Dar es Salaam, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora pamoja na wakaazi.

Dar es Salaam inastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndiko kundi lilikopitia njia nzima. Mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa lengo lililoeleweka na kila aliyewahi kuvuka Jangwani wakati wa masika: kujua maji ya mafuriko yanapita wapi, mifereji ipo wapi, na nyumba zipi zimo njiani. Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Msalaba Mwekundu na vyuo vikuu viwili, Ardhi na Dar es Salaam, vilishiriki. Wanafunzi walikwenda mitaani na simu zao, wakaongozwa na wajumbe ambao waliwaonesha hata mipaka ya mashina, mipaka ambayo ilikuwa imehifadhiwa vichwani mwa wajumbe hao. Kutokana na mradi huo lilizaliwa shirika la OpenMap Development Tanzania, na baadhi ya waliochora wakiwa wanafunzi wakawa watumishi.

Sababu za kuhama huko si siri. Mfadhili hawezi kuandikiana mkataba na kundi lisilo na anwani. Benki haifungui akaunti kwa jina la watu wenye shauku. Vifaa vikipotea, lazima awepo wa kuulizwa. Zaidi ya hayo, mradi una tarehe ya mwisho, na ramani haina. Mtaa hubadilika wiki moja baada ya ripoti kukabidhiwa. Usajili ulikuwa namna ya kuirefusha kazi ipite umri wa mradi. Kwa upande wa Tanzania Bara njia ya kisheria ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya mwaka 2002, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliyabana hata mashirika yaliyokuwa yamejisajili kama kampuni zisizo za faida yaingie chini ya sheria hiyo.

Lakini usajili ulileta mgawanyiko ambao makundi ya kujitolea hukutana nao karibu kila mahali, nao hujitokeza katika neno dogo: posho. Kundi likiwa halina fedha, wote ni sawa kwa sababu wote hawalipwi. Siku shirika linaposaini mkataba, anayekaa ofisini hupokea mshahara, anayekwenda mtaani hupokea posho, na mkaazi aliyewaonesha njia hupokea asante. Ramani ni ileile, imechorwa siku ileile. Hakuna ubaya katika kulipa watu. Ubaya unaanza pale ambapo katiba ya shirika haimtambui huyo wa tatu kwa namna yoyote.

Unguja haikufuata njia ya Dar es Salaam. Mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, ulioanza mwaka 2016, ulikuwa na Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar kama mwenyeji, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kama chimbuko la vijana, na Benki ya Dunia pamoja na wataalamu wa kigeni kama wasaidizi. Ndege ndogo zisizo na rubani, nyepesi kiasi cha kurushwa kwa mkono, ziliruka juu ya Unguja na Pemba zikipiga picha ambazo kila nukta yake ni takribani sentimita 7 za ardhi. Wanafunzi walifundishwa kuzirusha, kuziunganisha picha na kuchora majengo juu yake. Picha ziliwekwa wazi kwa yeyote duniani kuzichukua, jambo ambalo kwa ofisi ya ardhi ya nchi yoyote ni uamuzi wa kijasiri, na ni uamuzi ambao kwa maoni ya mwandishi haujapewa sifa unayostahili.

Hapa pana jambo la kikatiba ambalo wengi hulipita. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Ardhi si jambo la Muungano. Ndege ile ilikuwa katika anga inayosimamiwa na mamlaka ya Muungano, ikipiga picha ya ardhi inayosimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mpaka huohuo unalifuata shirika. Sheria ya mwaka 2002 ni ya Bara, kwa hiyo chombo kilichosajiliwa Dar es Salaam kwa sheria hiyo hakiwi kwa usajili huo jumuiya ya Zanzibar. Anayetaka kuiga mfano wa Ramani Huria hawezi kuuvusha bandarini kama mzigo uliokwishafungwa. Ni lazima aanze upya mbele ya Mrajis, chini ya sheria ya mwaka 1995.

Tofauti kubwa zaidi ni ya kuzaliwa. Dar es Salaam kundi lilikuwa na mkono wa wafadhili na vyuo, lakini lilikua pembeni ya ofisi za serikali. Unguja kundi lilizaliwa ndani ya ofisi. Hilo lilikuwa na faida zake: data iliyochorwa ilifika moja kwa moja mahali inapotumika, na sheha hakuwa na sababu ya kuwatilia shaka vijana waliokuja na barua ya Kamisheni. Lakini jumuiya iliyozaliwa ndani ya ofisi haina mlango wake yenyewe. Wanafunzi wana miaka mitatu au minne chuoni, kisha huondoka na ujuzi wao. Maofisa huhamishwa. Kinachobaki ni picha na kompyuta, na orodha ya majina ya waliohudhuria mafunzo.

Katika mwaka 2018 sehemu ya picha hizo ilitumika katika shindano la kimataifa la kuzifundisha kompyuta kutambua majengo. Majengo yaliyochorwa yaligawanywa makundi matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na misingi. Kwa mtaalamu wa kompyuta huo ni uainishaji wa kawaida. Kwa mtu wa Unguja ni wasifu wa maisha. Msingi ni mtu aliyeanza, labda kwa fedha za karafuu au za ndugu aliyeko Muscat. Jengo lisilokamilika ni mwaka ambao fedha zilielekezwa kwenye arusi au matibabu. Jengo lililokamilika ni watoto waliokwisha kuoa. Kijana aliyekaa mbele ya kompyuta akiamua kama mstari wa matofali ni msingi au ni ukuta wa jengo lililosita alikuwa akitumia ujuzi wa mwenyeji, ujuzi usio katika mwongozo wowote wa programu. Mchango huo ni wa nani? Hauandikwi katika leseni, wala si rahisi kuutaja katika katiba.

Mji Mkongwe unalikaza swali hilo. Picha ya angani, hata iwe na ukali wa sentimita 7, inaona mapaa. Katika Kiponda, Sokomuhogo au Kajificheni, mapaa yanakaribiana kiasi cha kuficha vichochoro vilivyo chini, na kipokezi cha satelaiti kikiwa baina ya kuta ndefu za mawe hupoteza uelekeo na kumweka mtu upande wa pili wa nyumba. Ndani ya eneo hilo mchoraji hana budi kutembea na kuuliza. Anayejibu ni mzee wa barazani, muuza kahawa, mama anayerudi Darajani. Ndiye anayejua kwamba mlango ule umezibwa, kwamba uchochoro huu una jina jingine upande wa kule, kwamba ghorofa ya juu ya jengo lile haikaliwi tena kwa sababu boriti zimeoza. Taarifa ya mwisho ni ya uhai na mauti. Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote mjini, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu walipoteza maisha. Ikiwa jengo lililokuwa likitazamwa na dunia nzima liliweza kuanguka, nyumba ya kawaida ya Mkunazini inahitaji jicho linalorudi kila mara, na jicho hilo ni la jirani.

Kwa hiyo, tukisema wachoraji wa Unguja wawe jumuiya iliyosajiliwa, waanzilishi watakuwa nani? Orodha ya waliofundishwa itatoa wanafunzi na maofisa. Mzee wa barazani hatakuwemo, na mara nyingi hata hatajua kwamba maneno yake yamekuwa data. Mapokeo ya Zanzibar hayana uhaba wa vyama vilivyotoka katika urafiki hadi katiba. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa klabu ya marafiki wapenda muziki, nayo imedumu zaidi ya karne. Ila taarab hupigwa na wanachama, na wasikilizaji wanajijua kuwa ni wasikilizaji. Ramani haina mpaka huo kati ya mpigaji na msikilizaji.

Ni hapa ambapo mwandishi anapendekeza kutazama mfano mwingine wa nyumbani, ambao ni wakfu. Sehemu kubwa ya majengo ya Mji Mkongwe iliwekwa wakfu na wenyewe kwa ajili ya misikiti, jamaa au maskini. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala mwenye kuitoa hawezi kuirudisha. Ana haki ya kuweka sharti, na sharti lake linafuatwa. Anayesimamia ni mutawalli. Hukusanya kodi, hutengeneza paa, hutoa hesabu, lakini nyumba si yake. Ukiisoma leseni ya OpenStreetMap kwa macho ya mtu aliyekulia karibu na mali za wakfu, unaitambua sura yake. Mchangiaji hutoa, anayechukua anafungwa na sharti la kutaja chanzo na, akitengeneza kanzidata nyingine kutokana na hiyo na kuieneza, kuiacha wazi kwa masharti yaleyale. Taasisi iliyosajiliwa mwaka 2006 hujieleza kuwa ni msaidizi wa mradi, isiyoutawala. Ni mutawalli.

Nguvu ya sharti hilo ilionekana mwaka 2012, OpenStreetMap ilipobadilisha leseni yake. Wachangiaji walitakiwa kukubali masharti mapya mmoja mmoja, na michango ya waliokataa iliondolewa katika ramani. Barabara na majengo yalifutwa kwa sababu aliyeyachora hakuridhia. Shirika la kawaida lingepiga kura katika mkutano mkuu na kuendelea. Tukio hilo ndilo ushahidi ulio wazi zaidi kwamba katika kazi hii uanachama wa shirika na haki juu ya ramani ni vitu viwili, na kwamba kuvichanganya kuna gharama.

Mfano wa wakfu una mipaka yake, nayo haifai kufichwa. Wakfu wa kawaida una mtoaji mmoja anayejulikana, na mali isiyohamishika. Ramani ina watoaji maelfu na hubadilika kila siku. Mtoaji wa wakfu anajua anachokitoa, ilhali mzee wa barazani, kama tulivyoona, huenda hajui. Na historia ya wakfu Zanzibar ina onyo ndani yake. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni iliunda Kamisheni ya Wakfu, na usimamizi uliokuwa mikononi mwa jamaa na mutawalli wa mitaani ukaanza kuhamia ofisini. Sababu iliyotolewa ilikuwa utunzaji bora wa mali. Baadhi ya mali kweli ilitunzwa. Lakini uhusiano kati ya nyumba na watu wa mtaa wake ulilegea, kwa kuwa aliyepaswa kuulizwa kuhusu paa linalovuja hakuwa tena jirani. Jumuiya ya wachoraji ramani inayoingia ofisini kwa nia njema inapita katika mlango unaofanana na huo.

Kutokana na hayo, katiba ya jumuiya kama hiyo mbele ya Mrajis ingehitaji vifungu ambavyo mifano ya kawaida ya katiba haina. Kimoja kingetamka kwamba jumuiya inasimamia ramani na haiimiliki, na kwamba jumuiya ikivunjwa, data haihesabiwi miongoni mwa mali za kugawanywa au kukabidhiwa kwa taasisi nyingine kwa matumizi yake pekee. Kingine kingeipa kila shehia inayochorwa nafasi katika mkutano mkuu kupitia mtu anayechaguliwa na wakaazi. Sheha ashirikishwe, ila yeye ni mteule wa serikali, na kumfanya ndiye sauti pekee ya mtaa kungerudisha jumuiya kulekule ndani ya ofisi. Kifungu kuhusu fedha kingetenganisha waziwazi kazi inayolipwa na inayojitolewa, ili posho isije ikawa siri inayogawa watu. Na kingekuwepo cha nyumba za watu: kwamba hali ya jengo la mtu, kama ni bovu au halina wakaazi, haiwekwi hadharani kabla ya mwenyewe kuambiwa. Kifungu hiki cha mwisho kitapingwa na wanaoamini uwazi usio na mpaka, na upinzani wao una uzito, kwa sababu jengo bovu linamhatarisha pia mpita njia. Mwandishi anaona kwamba mamlaka ya uhifadhi ipewe taarifa mara moja, na dunia isubiri.

Picha zilizopigwa na mradi wa mwaka 2016 bado ni hazina. Ukizifungua leo ukatazama pembezoni mwa mji, utaona mistatili ya matofali iliyowekwa katika kundi la misingi. Mingi ya misingi hiyo bila shaka imeshakuwa nyumba, na mingine imemezwa na majani. Ili kujua ipi ni ipi, lazima mtu aende akapige hodi.